Neno la Mtu Aliyetoka Mfuoni

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilipelekwa kwa kaka yangu kusubiri matokeo, na huko nikaanza kufuatilia neno moja la Kiingereza jinsi watu wa kwetu wanavyofuatilia mbuzi aliyepotea: kwa kumuuliza kila mtu njiani, na kwa kutokubali kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kaka alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang. Alikuwa bado kwenye majaribio, maana yake alikuwa amepewa ovaroli lakini hajapewa kazi. Akifaulu, angeajiriwa moja kwa moja na kubaki na nyumba ya vyumba viwili katika kota za wafanyakazi. Asipofaulu, angerudi kwetu Bashay, kwenye milima ya Mbulu, kutembea nyuma ya ng'ombe wa baba, na mke wake, aliyekuwa ameshawaaga majirani wote wa Bashay kwa maringo, angerudi naye. Jambo hilo wifi yangu hakulificha.

"Mimi siogopi jembe," aliniambia siku ya kwanza, huku akichochea moto. "Naogopa kwenda kuwasalimia tena wale niliowaaga."

Nilikuwa katika umri wa kupenda maneno kuliko chakula. Kiingereza nilijifunza shuleni kama wengine wanavyojifunza dansi, yaani kwa kujitazama. Ningeweza kukaa jikoni nikatafakari kwa nini neno fulani lina herufi ambayo hakuna anayeitamka, mpaka ugali unashika chini ya sufuria. Wifi alikuwa akipita nyuma yangu na kusema kwa upole kabisa, "Wifi, hilo neno likiiva utuite tule."

Ngano ilikuwa imeshavunwa. Kombaini zilikuwa zimepumzishwa kwenye banda, na shambani yalibaki mabua yenye rangi ya ngozi ya swala, yakienda mbele mpaka macho yanachoka yenyewe na kuamua kwamba hapo ndipo mwisho. Sisi tumetoka mahali ambapo ardhi imesimama. Bashay unaweza kukaa mlangoni ukaliona shamba la jirani lote kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba, ukajua nani amepalilia na nani anajifanya mgonjwa. Kule Hanang ardhi ilikuwa imelala chali. Mlima ulikuwepo, mkubwa, lakini ulikaa pembeni peke yake kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani. Wiki ya kwanza nilipata kizunguzungu kwa sababu ya kukosa cha kuegemeza macho.

Huko Bashay kaka alijifunza kulima kwa maksai akiwa bado anaogopa pembe zao. Baba alimfundisha kitu kimoja kabla ya vyote. Plau haipandi kilima wala haishuki. Inazunguka. Mfuo, ule mstari wa udongo uliofunuliwa, lazima ukizunguke kilima kama mkanda unavyozunguka kiuno, kwa kuwa ukiuchora umenyooka kuelekea chini, mvua ya kwanza itaufanya mto na udongo wako wote utakwenda kwa watu wengine. Kijana aliyelima hivyo alichekwa kanisani mpaka Pasaka. "Huyu anawalimia wa bondeni," watu walisema, na wa bondeni walimsalimia kwa heshima ya pekee.

Basi, siku moja kaka akapewa kwa mara ya kwanza kazi ya kufungua eneo jipya. Kufungua ni kupiga mfuo wa kwanza, ule ambao mingine yote itaufuata. Upande wa pili wa shamba walisimika mti wenye kitambaa chekundu, mbali sana, na yeye akaambiwa aende kwenye kile kitambaa. Akaenda. Jioni msimamizi wa shamba akaja kuangalia. Alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa Gehandu, aliyekulia kwenye tambarare, na alitembea na fimbo ya kupimia kina cha mfuo. Alisimama mwanzo wa mfuo wa kaka, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Mfuo ulianza vizuri, kisha ukatoka kidogo kidogo upande wa kushoto, ukapinda kama upinde, na mwishoni ukarudi taratibu mpaka kwenye kitambaa.

"Umefika kwenye alama?" aliuliza.

"Nimefika, mzee."

"Naona. Lakini umepitia Singida."

Madereva wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Msimamizi hakucheka. Alisema kaka asubuhi aende kujieleza, na kwamba mtu wa majaribio anayelima namna ile ama amekunywa ama hawezi, na kwa vyote viwili dawa ni moja, basi la kwenda Mbulu.

Asubuhi kaka hakuweza kwenda kujieleza. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kitanda kiligonga ukuta. Tulimpeleka zahanati, mimi mkono huu na wifi mkono ule, huku yeye akiwaelekeza maksai ambao hatukuwaona. Mganga wa zahanati, ambaye kila mtu alimwita daktari, alimpima, akamchoma sindano, na msimamizi alipofika mlangoni kumuulizia, akamwambia mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni:

"Huyu mtu msimlaumu. Hii ni delirium. Malaria ikipanda kichwani, mtu haoni kilichonyooka. Huenda ilimwanza tangu jana."

Msimamizi aliligeuza lile neno kichwani kwake. "Kama ni ugonjwa, sina ugomvi na ugonjwa," alisema. "Akipona aje mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake kwamba alikuwa anaumwa. Nitamwamini na trekta nitamrudishia. Kama hakuwa anaumwa, atanisamehe." Akanyoosha fimbo kuelekea milima ya Mbulu, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa.

Kwa hiyo kazi ya kaka yangu sasa ilikuwa imening'inia kwenye neno moja la kigeni, na neno lenyewe lilifika bombani kabla yetu. Nilipokwenda kuteka maji jioni niliwakuta wanawake wameshalizoea. Mmoja aliliita dilirio, kama jina la mtakatifu.

"Wifi yako anaendeleaje na ugonjwa wake wa Kizungu?" aliniuliza.

"Anayeumwa ni kaka."

"Ndiyo, lakini anayeutangaza ni wifi. Sisi huku tunaumwa malaria tu. Ninyi watu wa Mbulu mmeendelea."

Wifi aliposikia hayo aliweka chini mwiko. Aliniita tukakaa, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayefanya kikao. "Wewe ndiye mwenye Kiingereza humu ndani. Hilo neno ni la hospitali au ni la kutukana?"

Nikamweleza kwamba ni kuweweseka, kuongea hovyo kwa sababu ya homa.

"Kuweweseka nakujua, nimelala naye chumba kimoja. Nauliza neno lenyewe limetoka wapi. Ni la watu gani? Huwezi kuingiza kitu nyumbani kwangu na hujui kwao."

Nilimwelewa kabisa. Kwetu, mchumba akitajwa, kabla hujaambiwa kama ni mzuri wazee wanauliza ukoo, na bibi yake alikuwa nani, na kama kuna jambo lolote linalosemwa kimya kimya juu yao. Wifi alikuwa anataka ukoo wa delirium. Na mimi, ambaye tangu nifike nilikuwa natafuta kisingizio cha kuacha kuchota maji, nikasema nitakwenda kuutafuta.

Nilikwenda kwa padri wa parokia ya jirani, kwa miguu, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani kwa ajili ya heshima ya jambo lenyewe. Padri alikuwa mtoto wa mkulima kama sisi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na alikuwa na kamusi ya Kiingereza nene kama tofali, ya zile zinazoeleza kila neno lilikozaliwa.

"Shikamoo, padri."

"Marahaba. Matokeo yametoka?"

"Bado."

"Basi umekuja kuungama."

"Nimekuja kutafuta neno."

"Hilo ni gumu zaidi," alisema, akaenda kunawa mikono kabla ya kuishika ile kamusi.

Tulisoma pamoja, vichwa vyetu vikikaribia kugongana, kwa sababu maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi. Kamusi ilisema neno lile Waingereza hawakulitunga. Walilichukua kwa Waroma, na Waroma nao walikuwa na kitenzi, delirare. Padri alikitenganisha kwa ncha ya kalamu bila kugusa karatasi. *De*, alisema, ni kutoka, kuacha mahali. *Lira* alikuwa haijui. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaangalia nje dirishani ambapo mtu alikuwa anapita na ng'ombe wake.

"Kilatini nilichofundishwa mimi kilikuwa cha kuimba," alisema mwishowe. "Hakuna aliyeniambia kwamba ndani yake kuna maksai."

*Lira* ni mfuo. Delirare ni kutoka mfuoni. Mkulima wa Kiroma alipomwona jirani yake anasukuma plau, na plau imeacha mstari inakwenda kombo, alisema yule bwana ametoka mfuoni, kama sisi tunavyosema mtu kichwa kimeruka. Baadaye lile neno likahama shamba. Likaingia kwa waganga, likavaa koti jeupe, likavuka kwenda Uingereza, na huko likasahau kabisa kwamba liliwahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Karne nyingi baadaye likashuka Hanang, likamkuta kaka yangu.

Nilimweleza padri kisa kizima. Alisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye upinde na kitambaa chekundu.

"Kwenu ni wapi?"

"Bashay."

"Bashay ile ya kilimani?"

"Ndiyo hiyo."

Alifunga kamusi, akaiweka kabatini, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilimbidi aniage kwa mkono.

Njia nzima nilirudi nikiwa nimelewa furaha. Nilikuwa na miaka ile ambayo mtu akigundua asili ya neno anaona kama ameshuhudia dunia ikiumbwa. Nilitembea kando ya mashamba yaliyolimwa, mifuo imenyooka kama nyuzi za gitaa, nikiwa natamka *lira, lira*, na mchungaji mmoja wa Kibarabaigi aliyekuwa amesimama na ng'ombe wake akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona wazi kwamba huyu msichana naye yumo. Karibu na kota tu ndipo lilipoanza kunijia wazo la pili, ambalo lilinipunguza mwendo. Daktari alikuwa ametoa neno la kumtetea kaka. Na neno hilo, ukilivua koti, lilikuwa linasema kilekile alichosema msimamizi.

Kaka alikuwa ameketi kitandani, homa imeshuka, anakunywa uji. Niliwaambia yote, yeye na wifi. Kaka alicheka mpaka akakohoa, akacheka tena kwa sababu ya kukohoa.

Wifi hakucheka. "Kwa hiyo daktari amesema kama msimamizi," alisema, "ila kwa Kilatini."

"Ndiyo maana yake."

"Umetembea siku nzima na viatu vya kanisani kwenda kututafutia ushahidi wa upande wa pili."

Kaka aliacha kucheka. Aliweka bakuli sakafuni, akajifuta mdomo. "Na isitoshe," alisema, "siku ile sikuwa na homa."

Alimtazama mkewe, kisha mimi.

"Nilikuwa mzima. Nilikula ugali wa watu wawili."

"Watatu," alisema wifi.

"Watatu. Nilipanda trekta nikiwa na akili zangu zote. Nikatazama kile kitambaa. Lakini nilipoanza kwenda, mikono ikawa inasikia kilima. Trekta likinyooka, mimi nasikia kama tunateremka, udongo wote unaondoka. Basi nikawa nalirudisha juu. Nalirudisha juu, na juu penyewe hapakuwepo. Nilipofika ndipo nikageuka nikaona."

Alilisema bila kujitetea, kama anayeeleza ndoto. Na mimi nikaona shamba la baba, ule mkanda wa udongo mweusi ukizunguka kiuno cha kilima, na nikafikiri kwamba Waroma bila shaka walikuwa watu wa tambarare. Wangekuwa wa Bashay, wangemwita mwendawazimu yule anayekwenda moja kwa moja.

Wifi hakuwa na nafasi ya Waroma. "Sikiliza," alimwambia mumewe. "Mzee wa watu ameshasema atakuamini. Daktari ameshasema ni homa. Wewe unatakiwa kusema neno moja tu, ndiyo, na si uongo mkubwa, kwa sababu homa ilikuja. Ilichelewa tu."

"Nikisema ndiyo, nitarudishiwa trekta."

"Ndicho tunachotaka."

"Na trekta litarudishwa shambani. Na shamba bado ni tambarare. Kesho nikipinda tena, nitaumwa nini?"

Wifi alifikiri kwa bidii. Niliona midomo yake ikipitia magonjwa. Mwishowe akachukua bakuli na kwenda kuliosha, na kwa jinsi alivyoliosha nikajua ameanza kujiandaa kuwasalimia watu wa Bashay.

Siku kaka alipopata nguvu tulikwenda wote watatu. Wifi alijitanda kanga kama anayekwenda msibani. Msimamizi tulimkuta palepale kwenye eneo lililoharibika, pamoja na madereva kadhaa waliokuwa na kazi nyingine za kufanya na hawakuzifanya.

"Shikamoo, mzee," alisema kaka.

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona."

"Haya. Siku ile ulikuwa na homa, au hukuwa nayo?"

Wifi aliangalia mlima. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Sikuwa nayo, mzee."

"Ulikunywa?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa nini?"

Kaka alifikiri kidogo. "Ilikuwa Bashay," alisema.

Madereva walianza kucheka, lakini msimamizi aliinua fimbo wakaacha. Akataka aelezwe. Kaka akaeleza kama alivyotueleza sisi, kilima, mikono, udongo unaoondoka. Mzee alisikiliza akiwa amefumba jicho moja, kama vile maelezo nayo yana mwanzo wa mfuo.

"Nimekuwa nikisikia kwamba ninyi watu wa milimani mguu mmoja ni mfupi," alisema. "Sasa panda. Nipigie mwingine pembeni ya ule. Kitambaa kilekile."

Kaka akapanda. Trekta likaondoka likitifua vumbi, na sisi tukalisindikiza kwa macho. Mwanzo lilinyooka. Wifi alikuwa anaongea nalo chini chini, kama anavyoongea na mtoto anayejifunza kutembea. Kisha, bila haraka, likaanza kwenda kushoto.

"Mungu wangu," alisema wifi, wala hakupaza sauti.

Lilikwenda kushoto, likauchora upinde wote, likarudi, likafika kwenye kitambaa. Huko ng'ambo kaka alizima injini na kukaa juu yake bila kushuka. Msimamizi aliingia katikati ya mifuo ile miwili na kuanza kutembea. Alitembea taratibu, akilaza fimbo chini kati ya mfuo na mfuo kila baada ya hatua kadhaa, akainua, akalaza tena. Nasi tulimfuata kwa mbali. Fimbo ilikuwa inaenea vilevile mwanzoni, vilevile kwenye tumbo la upinde, vilevile mwishoni. Alipofika kwa kaka alikuwa amechoka, akaegemea gurudumu.

"Umeutoa wapi huu mfuo wa pili?" aliuliza.

"Nimefuata ule wa kwanza. Nilikuwa nautazama huo, sikukitazama kitambaa."

"Umeufuata bila kuuacha hata kidole." Alitema mate pembeni, akaufikiria upinde wote kwa mara nyingine. "Mlevi hawezi. Na huyo mgonjwa wa daktari naye hawezi. Sikiliza. Kufungua, kwangu hufungui tena mpaka nife. Atafungua mwingine. Wewe utafuata. Ukiuacha mfuo wa mwenzako, unajua basi linapopita."

Katika madereva, anayefungua ndiye anayesalimiwa kwanza, na anayefuata ni anayefuata. Kaka alilijua hilo, na wote waliokuwepo walijua kwamba amelijua. Alishuka kwenye trekta, akasema, "Asante, mzee," akapanda tena. Wifi aliishusha ile kanga ya juu kutoka kichwani na kuifunga kiunoni. Aliniambia tuwahi bombani kabla hapajajaa watu, kwani leo alikuwa na hamu ya kusalimiana.

Msimu ule kaka alilima nyuma ya wenzake. Nilikwenda mara nyingi kumtazama. Dereva wa mbele alifungua, kaka akaingiza gurudumu kwenye mfuo wake na kwenda, akigeuka na kurudi, asubuhi mpaka jioni, na msimamizi alimfuata nyuma na fimbo yake kwa siku kadhaa, akitafuta la kusema, hata akakata tamaa akaenda kuwasumbua wengine. Mwisho wa majaribio walimwandikisha.

Jioni ya siku hiyo kaka alikuwa ameketi kizingitini anavua viatu, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Ile kamusi ya padri," aliniuliza, "ina neno la mtu asiyetoka mfuoni?"

Nilimwambia hapana. Nilikuwa nimetafuta. Waroma walimpa jina aliyetoka. Aliyebaki anakwenda na kurudi siku nzima hawakumpa lolote.

"Basi Wazungu wametubakizia kazi," alisema, akaomba maji ya kunawa miguu.